Victory na jeuri ya kruza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Victory ikiegeshwa mahali penye watu wa pikipiki, maswali hayachelewi. Hiyo ni Harley? Ni ya nani? Mbona haitengenezwi tena? Hapa nimekusanya yale yanayorudiwa zaidi, kuanzia ya mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza hadi ya mtu anayetaka kununua iliyotumika na fedha anazo mkononi.

## Mambo ya msingi

Victory ni pikipiki ya nani, na ya wapi?

Ni ya Marekani, na ilitengenezwa na Polaris. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1954 huko Roseau, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota karibu na mpaka wa Kanada, na kazi yake ilikuwa kuunda magari ya kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1985 ikaongeza pikipiki za magurudumu manne za shambani na porini. Kruza ilikuja baadaye sana.

Juni 1997, dereva wa mbio za magari Al Unser Jr. aliitambulisha Victory mbele ya watu katika Mall of America, Bloomington, Minnesota. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Julai 1998, V92C ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Spirit Lake, Iowa. Siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, na tarehe haikuangukia hapo kwa bahati. Injini zilitengenezwa Osceola, Wisconsin.

Kruza ni pikipiki ya namna gani?

Ni ile ya kiti cha chini, vikanyagio vilivyosogea mbele na usukani unaokufikia mkononi bila kuinama. Injini yake ni kubwa na huvuta tangu mizunguko ya chini, kwa hiyo hulazimiki kuipigisha kelele ili iondoke. Haikuundwa kwa ajili ya kushindana kwenye kona. Iliundwa ili barabara ndefu ipite taratibu chini yako, huku injini ikidunda na wewe ukisikia kila dundo.

Mnaposema "jeuri" ya pikipiki mna maana gani?

Mtu hanunui kruza kwa sababu anahitaji usafiri tu. Vipo vyombo vyepesi zaidi, vya bei nafuu na vyenye kasi kubwa zaidi. Ananunua mkao, mlio, na namna pikipiki inavyosimama mbele ya jengo bila kuomba radhi kwa ukubwa wake. Hiyo ndiyo jeuri ninayoizungumzia.

Kwa Harley-Davidson, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903, jeuri ni mali ya urithi. Mnunuzi anakuta babu amekwisha kuiendesha, baba ameipigia picha, na mjomba ana hadithi yake. Chapa mpya haina babu wa kumtaja. Ikitaka jeuri ni lazima iichonge kwenye chuma chenyewe: mstari wa tangi, upana wa tairi, weusi wa rangi. Ninashikilia kwamba Victory iliiweza kazi hiyo, tena vizuri, na kwamba ilianza kuiweza siku ilipoacha kujilinganisha na Harley.

## Kuingia sokoni

Kwa nini kampuni ya theluji iliamua kuunda kruza?

Kwa sababu kulikuwa na foleni. Harley ilikuwa imenusurika kufa: kampuni ya AMF iliinunua mwaka 1969, ubora ukashuka, na mwaka 1981 kundi la wakuu 13 wa ndani likainunua tena. Mwaka 1983 serikali ya Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki za kigeni zenye injini ya zaidi ya 700 cc, na mwaka uliofuata ikaja injini ya Evolution iliyorudisha imani ya wateja. Kufikia miaka ya 1990 watu walikuwa wanalipa, kisha wanasubiri miezi na miezi kupata pikipiki yao.

Wajapani walikuwa na kruza nzuri, lakini kundi kubwa la wanunuzi lilitaka ya Marekani na si vinginevyo. Polaris ilitazama foleni hiyo ikiwa tayari na viwanda, wahandisi, na wauzaji waliozoea kuuza vyombo vyenye injini. Hata hivyo ilikuwa kampuni isiyojulikana kabisa kwa pikipiki za barabarani, na hilo lilikuwa pengo kubwa.

Je, ilikuwa peke yake?

Hapana. Minnesota hiyo hiyo, katika mji wa Belle Plaine, kulikuwa na Excelsior-Henderson, waliofufua majina mawili ya zamani yaliyokufa mwaka 1931. Waliunda pikipiki zisizofika 2,000, kisha wakaomba ulinzi wa mufilisi Desemba 1999. Huko Gilroy, California, wengine waliifufua Indian, chapa nyingine ya zamani ya Marekani, mwaka 1999, nao wakafunga mwaka 2003.

Tofauti ni mbili. Kwanza, Polaris ilikuwa na fedha za theluji na za shambani za kuibeba kruza wakati bado haijasimama. Pili, wale wengine waliazima marehemu ili wawe na ukoo. Victory ilikuja na jina jipya, bila kaburi la kutambikia. Mimi hilo naliheshimu sana, ingawa ndilo lililoisumbua hadi mwisho.

V92C ilikuwa pikipiki nzuri?

Kwa fundi, ndiyo. Namba 92 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, yaani 1,507 cc. Silinda mbili katika V ya nyuzi 50, kamshafti (mhimili unaofungua vali) juu ya kila silinda, vali nne kwa kila silinda, injeksheni ya mafuta, na kupozwa kwa hewa pamoja na oili. Weka kando yake Evolution ya Harley ya wakati ule: 1,340 cc, vali mbili kwa silinda, zinazosukumwa na fito ndefu kutoka chini. Kwenye karatasi mgeni alikuwa mbele.

Kwa macho, mambo yalikuwa mengine. Injini ilikuwa na ubapa fulani, kama pampu ya kiwandani. Giya zilikuwa nzito na zenye kelele. Fremu ilikuwa imara, breki nzuri, na mtu aliyeiendesha kwenye kona alishangaa. Lakini akishuka na kugeuka kuitazama, hapakuwa na kitu kilichomrudisha. Ilikuwa pikipiki ya wahandisi, nao wahandisi walikuwa wamejibu maswali yote isipokuwa lile ambalo mnunuzi wa kruza huanza nalo.

Mwaka 2002 ilikuja injini mpya iliyoitwa Freedom, yenye mapezi ya kupozea yanayoonekana na umbo ambalo mtu angependa kulitazama. Hapo msingi ukawa umepatikana.

## Jinsi jeuri ilivyojengwa

Ni pikipiki ipi iliyobadilisha mambo?

Vegas, iliyotoka kama toleo la 2003. Ukitaka kuielewa Victory kwa dakika tano, itafute Vegas, uisogelee.

Anzia mbele. Gurudumu ni la inchi 21, jembamba na refu, na uma wa mbele umelala kiasi kwamba pikipiki nzima inaonekana imenyoosha shingo. Panda hadi kwenye tangi. Katikati yake kuna mgongo ulioinuka, mstari mmoja unaokimbia kutoka mbele kwenda nyuma. Tangi linapofika kwenye kiti halikatiki. Linagawanyika mikia miwili, na pua ya kiti inaingia katikati yake. Ukiruka kiti, mstari ule ule unaukuta tena juu ya madigadi ya nyuma. Shokapu ya nyuma huioni, imefichwa chini ya kiti, kwa hiyo umbo halikatizwi na kitu chochote.

Kazi ya namna hii zamani uliipata kwa mafundi wa pikipiki za kuagiza tu, kwa fedha nyingi na subira ndefu. Vegas ilitoka nayo kiwandani, ikiwa na dhamana. Na hakuna aliyeweza kuitazama akasema ni nakala ya Harley. Kingpin, yenye madigadi mapana yanayofunika magurudumu, iliifuata mwaka mmoja baadaye.

Arlen Ness anaingiaje kwenye habari hii?

Arlen Ness, wa eneo la San Francisco Bay, California, alikuwa miongoni mwa mafundi wa pikipiki za kuagiza walioheshimiwa kuliko wote Marekani. Alifariki mwaka 2019. Victory ilifanya naye kazi, kisha na mwanawe Cory na mjukuu wake Zach, na ikauza matoleo maalumu yenye sahihi za familia hiyo.

Uzito wa jambo hili usipuuzwe. Chapa isiyo na babu ilikaribishwa na familia ya vizazi vitatu ambayo kila mtu wa kruza anaijua. Ness alikuwa amejijengea jina kwa pikipiki zenye injini za Harley. Yeye kuweka sahihi yake kwenye tangi la Victory kuliwaambia watu jambo ambalo tangazo la biashara lisingeweza kuwaambia.

Hammer, 8-Ball, High-Ball, Judge, Gunner: kwa nini majina ya ukali hivyo?

Kwa sababu jina lilikuwa sehemu ya mkao. Nyundo, jaji, mpiga mzinga: hayo si majina ya kubembeleza. Hammer ya 2005 ilikuwa na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 250 kutoka kiwandani, na ukisimama nyuma yake tairi ndilo unaloliona kwanza na mwisho. 8-Ball ni ule mpira mweusi wa mchezo wa pool: Victory ilichukua Vegas, ikaondoa kromu, ikapaka nyeusi kila kitu na kupunguza bei. High-Ball ilipandisha usukani juu hadi mikono ya dereva ikawa usawa wa mabega.

Msemaji wao katika matangazo kwa muda alikuwa R. Lee Ermey, sajenti mstaafu wa kikosi cha Marine aliyegeuka mwigizaji, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Huyo alifaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo jeuri ni rangi nyeusi na jina kali tu?

La. Rangi nyeusi kila mtu anaweza kuipaka, na karibu kila mtu aliipaka. Ukiniuliza mimi, Victory yenye jeuri kuliko zote ni Vision, ya toleo la 2008, ambayo haina hata chembe ya ubabe wa kawaida.

Vision ni kruza ya safari ndefu iliyochorwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuchora moja kabla yake. Fremu ni ya alumini ya kumimina, yenye uwazi ndani, na hewa ya injini inapita humo. Mwili wake ni wa mikunjo mirefu kama samaki mkubwa. Ilikuwa na sehemu za kuegemea ubavuni, hivyo ikilala haikuharibu rangi wala masanduku, na wauzaji waliilaza makusudi mbele ya wateja. Watu waliipenda au waliichukia papo hapo. Chapa iliyokuwa na miaka 10 tu sokoni ilithubutu kutoa kitu kama hicho katika soko linalosujudia yaliyopita, na mpaka leo nikiiona ninasimama.

Baadaye zilikuja Cross Country na Cross Roads za 2010, zilizochukua uimara ule na kuupa sura iliyokubalika na wengi. Magnum ya 2015 ilikuwa Cross Country iliyowekewa gurudumu la mbele la inchi 21 na mgongo wa nyuma ulioshushwa.

Victory ilishiriki mbio?

Mwishoni, ndiyo. Mwaka 2015 ilipeleka pikipiki ya umeme kwenye mbio za TT Zero za Isle of Man, na Lee Johnston akamaliza wa tatu. Mwaka huo huo ilipeleka Project 156 kwenye mlima Pikes Peak, Colorado. Namba hiyo ni idadi ya kona kutoka chini hadi kileleni, kwenye mita 4,302. Pikipiki haikumaliza, lakini ilionyesha injini mpya yenye kiu ya mizunguko, na watu wakaanza kuota. Ndoto hiyo iliishia wapi, tazama swali la Octane hapa chini.

## Mwisho wa Victory

Kwa nini Polaris iliifunga?

Tangazo lilitoka tarehe 9 Januari 2017. Polaris ilisema Victory haikupata sehemu ya soko ya kutosha kujiendesha kwa faida. Mwaka 2015 ilichangia asilimia 3 tu ya mauzo ya kampuni nzima, na katika miaka 5 ilikuwa imepata hasara mara 3.

Hesabu hizo ni za kweli, lakini ukitaka kuona mizizi yake rudi Aprili 2011, Polaris ilipoinunua Indian. Indian ilianzishwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, miaka miwili kabla ya Harley. Agosti 2013, kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki wa Sturgis, South Dakota, Polaris ilizindua Chief mpya yenye injini ya Thunder Stroke 111. Kuanzia siku hiyo kulikuwa na watoto wawili nyumbani, na mmoja alikuwa na kila kitu ambacho mwenzake alikitafuta kwa miaka 15: jina ambalo hata asiyejua pikipiki amewahi kulisikia. Dola ya utafiti iliyokwenda Indian ilirudi haraka zaidi.

Silaumu uamuzi wa kununua Indian. Ninachosikitikia ni kwamba Victory ilifungwa wakati umbo lake lilikuwa limekomaa kuliko wakati wowote. Wanaosema ilikufa kwa sababu pikipiki zake zilikuwa mbovu hawakuwahi kuendesha Cross Country kutwa nzima.

Octane ilikuwa Indian Scout iliyovalishwa nguo nyingine?

Zilikuwa ndugu, hilo halifichiki. Zote zina V ya nyuzi 60 inayopozwa kwa maji. Scout ilikuwa na 1,133 cc, Octane 1,179 cc na nguvu za farasi 104, na sehemu nyingi za Octane zilibadilishwa kwa ajili yake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyepesi, yenye kasi na ya bei nzuri. Mwaka 2016 Joe Dryden aliitumia kuweka rekodi ya kuchoma tairi la nyuma, yaani kulizungusha hadi litoe moshi, kwa mwendo wa maili 2.23 mfululizo, na kama kuna tangazo la jeuri lililonyooka, ni lile. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kuiona Project 156 ikipanda mlima. Walisubiri mtoto wa ile, wakaletewa binamu wa Scout.

Je, kuna damu ya Victory katika Indian za baadaye?

Naamini ipo. Tazama Indian Challenger iliyotoka mwishoni mwa 2019, ambayo jina lake lina maana ya mpinzani. Injini yake ya PowerPlus, 1,768 cc, ina kamshafti juu, vali nne kwa kila silinda na virekebishi vya vali vinavyotumia shinikizo la oili. Thunder Stroke ilifuata njia ya fito za zamani. PowerPlus inafuata njia ambayo V92C iliichagua mwaka 1998.

## Kwa anayetaka kununua iliyotumika

Spea bado zinapatikana?

Polaris iliahidi spea kwa miaka 10 tangu tangazo, yaani hadi 2027. Vitu vinavyochakaa kwa matumizi, kama vile tairi, pedi za breki na chujio la oili, havina shida kubwa, kwa kuwa watengenezaji wengine pia huviunda. Hofu iwe kwenye mwili: tangi, madigadi, na hasa vipande vya plastiki vya Vision. Ukiona Vision iliyovunjika ubavu ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, bei hiyo ina sababu.

Kuitunza ni kazi ngumu?

Hapana, na hapa wahandisi wale wa swali la V92C wanastahili shukrani. Vali zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo hakuna kufungua vichwa vya silinda kupima nafasi. Injini na giya hutumia oili moja. Nguvu hufika nyuma kwa mkanda, si mnyororo, hivyo hakuna kupaka grisi kila wiki. Kagua meno ya mkanda, soma tarehe ya kuundwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, na usikilize injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa.

Nichague ipi?

Kwa matumizi ya kawaida, Vegas yenye injini ya 1,634 cc au 1,731 cc na giya 6. Kwa safari, Cross Country bila kusitasita. Hammer inapendeza, ila jua kwamba tairi pana vile halipendi kulala kwenye kona na utalisukuma kwa mkono kila mara. V92C ya mwanzo mwachie mkusanyaji.

Empulse TT nayo ni Victory?

Ndiyo, ni pikipiki ya umeme iliyotokana na kazi ya Brammo ya Oregon, ambayo Polaris iliinunua upande wake wa pikipiki mwaka 2015. Kabla ya kulipa, pata fundi wa umeme aipime betri, kwani hiyo ndiyo thamani yote ya chombo hicho.

Mwenye Victory hubadilisha ekzosi bila kugusa kitu kingine. Ni sawa?

Si sawa. Injeksheni ya mafuta lazima ipangwe upya ili ilingane na hewa inayopita, la sivyo injini itachoma mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa na kupata joto. Uliza kama kazi hiyo ilifanyika, na nani aliifanya.

Nikiwa nayo na mtu akaniuliza, "Hiyo ni Harley?", nijibu nini?

Kama ni Vegas, mwite aje karibu. Mwonyeshe ule mgongo wa tangi, aufuate kwa kidole hadi mahali unapogawanyika mikia miwili, aruke kiti, aukute tena nyuma. Kisha iwashe, naye ataanza kuuliza maswali mengine.